Frederick Banting na Dawa ya Kisukari

1. Ugonjwa uliowaua watoto

Sokoni Bunia sukari hupimwa kwa kikombe na kutiwa katika mfuko. Mtoto akiionja kidogo, utamu wake hupita ulimini, naye huusahau upesi. Lakini ndani ya mwili kazi ya sukari imeanza tu. Inaingia katika damu, na damu inaipeleka kila mahali. Mikono inaihitaji kwa kulima, miguu kwa kukimbia, kichwa kwa kufikiri. Wala sukari haitoki dukani peke yake. Mahindi, muhogo, viazi, ndizi na mchele, vyote vikiliwa hugeuka kuwa sukari ndani ya mwili.

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kirefu, laini, kiitwacho kongosho. Mtu anayo, ng'ombe anayo, mbwa anayo. Kongosho hutoa kitu kinachoitwa insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango ili itoke katika damu na kuingia katika nyama ya mwili. Kongosho nzima hufanya kazi kama mpishi hodari aliyekaa mbele ya jiko la makala. Moto ukizidi, huupunguza. Moto ukififia, huuacha upate nguvu. Sukari ikipanda, kongosho hutoa insulini nyingi. Sukari ikishuka, huizuia. Inafanya hivyo mchana na usiku, bila kuagizwa na mtu.

Kongosho ikishindwa na kazi yake, sukari hujaa katika damu na kutoka pamoja na mkojo. Mgonjwa huona kiu kali, hukojoa mara nyingi, na hukonda hata akila vizuri. Ugonjwa huo huitwa kisukari. Una namna mbalimbali. Namna inayowashika watoto mara nyingi ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu kongosho yao haitoi insulini, au hutoa kidogo mno.

Kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na dawa. Waganga hodari wa Ulaya na Amerika walijua jambo moja tu la kufanya: kumpunguzia mtoto chakula mpaka abaki karibu na njaa. Kwa njia hiyo sukari ilipungua, na mtoto aliongezewa mwaka mmoja, pengine miwili. Lakini alibaki mifupa mitupu, asiyeweza kucheza wala kusimama. Wazazi walilazimika kumnyima mtoto wao chakula huku wakijua kwamba hata hivyo atakufa.

Mtu mmoja aliyesaidia kubadili jambo hilo alikuwa mtoto wa mkulima. Jina lake ni Frederick Banting.

2. Mtoto wa mwisho wa mkulima

Frederick Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891, katika shamba karibu na mji mdogo wa Alliston, nchini Kanada. Alikuwa mtoto wa mwisho wa wazazi wake. Baba yake, William, alilima na kufuga. Fred, kama walivyomwita nyumbani, alizoea tangu utoto kuamka mapema, kutunza wanyama, na kuimaliza kazi aliyoianza.

Shuleni hakuwa wa kwanza. Alisoma kwa juhudi, lakini masomo mengine yalimshinda. Mwaka 1910 aliingia Chuo Kikuu cha Toronto. Wazazi wake, waliokuwa Waprotestanti wa dini ya Methodisti, walitumaini kwamba atakuwa mchungaji. Mwaka wa kwanza akaanguka mtihani. Kijana mwingine angerudi shambani kwa aibu. Lakini wahenga wamesema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Banting aliomba kusoma uganga, na mwaka 1912 akakubaliwa.

Wakati ule Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na majeshi yalihitaji waganga wengi. Masomo yakafupishwa, na mwishoni mwa mwaka 1916 Banting akapata cheti chake. Akaenda Ulaya kama mganga wa jeshi la Kanada. Mwezi wa Septemba 1918, karibu na mji wa Cambrai nchini Ufaransa, kipande cha kombora kilimjeruhi mkono. Damu ilimtoka, lakini aliendelea kwa saa nyingi kuwafunga vidonda askari wengine kabla ya kufungwa chake mwenyewe. Kwa ushujaa huo alipewa nishani mwaka 1919.

3. Wazo la usiku wa manane

Vita ilipokwisha, Banting alirudi Kanada. Kwanza alifanya kazi katika hospitali ya watoto mjini Toronto, akijifunza upasuaji. Mwezi wa Julai 1920 alihamia mji mwingine wa Kanada uitwao London, kama ule mji mkuu wa Uingereza. Alipata nyumba, akaweka kibao mlangoni, akaketi kungoja wagonjwa. Hawakuja. Siku zilipita mpaka mwisho wa mwezi ndipo akaja mgonjwa wa kwanza. Fedha yote aliyoipata katika mwezi ule ilikuwa dola 4. Ili aweze kuishi, alikubali kufundisha wanafunzi wa uganga katika chuo cha pale kwa malipo madogo.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 1920 alikuwa akitayarisha somo juu ya kongosho. Kabla ya kulala alisoma makala ya mganga Moses Barron, aliyeeleza jinsi kongosho inavyonyauka mirija yake ikizibwa. Banting alilala, lakini usingizi haukuja. Mambo mawili yalizunguka kichwani mwake.

La kwanza lilikuwa hili. Tangu mwaka 1889 waganga wawili mjini Strasbourg, Minkowski na von Mering, walionyesha kwamba mbwa akiondolewa kongosho hupata kisukari. Basi ndani ya kongosho mna kitu kinachozuia ugonjwa huo. Wengi walijaribu kusaga kongosho na kukitoa kitu hicho, wakashindwa.

La pili ni hili. Kongosho hufanya kazi mbili. Sehemu yake kubwa hutoa maji makali ya kuyeyusha chakula, na maji hayo hupita katika mirija kuingia utumboni. Lakini ndani yake mna pia visiwa vidogo sana, vilivyoonwa kwanza na mwanafunzi Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1869. Watu walidhani kwamba visiwa hivyo ndivyo vinavyotoa kitu cha kuzuia kisukari. Banting akawaza kwamba huenda maji makali yanakiharibu kitu kile wakati kongosho inaposagwa. Je, mtu akiifunga mirija ya mbwa, akangoja majuma kadhaa mpaka sehemu ya maji makali inyauke, si visiwa vitabaki peke yake?

Saa nane za usiku aliwasha taa, akaandika wazo lake kwa maneno machache, akarudi kitandani.

4. Mbwa, joto na umaskini

Mwezi wa Novemba alikwenda Toronto kwa Profesa John Macleod, mtaalamu mashuhuri aliyejua sana mambo ya sukari mwilini. Macleod alimsikiliza bila shauku. Kijana aliyekaa mbele yake hakuwa mtaalamu wa jambo hilo, na waliojaribu kabla yake walikuwa wengi. Lakini Banting hakuacha kuomba. Mwishowe Macleod alimpa chumba cha kazi, mbwa 10, na msaidizi mmoja kwa muda wa miezi ya likizo.

Wanafunzi wawili walikuwa tayari kusaidia, Charles Best na Clark Noble. Wakarusha sarafu ili kujua nani ataanza. Best akashinda. Alikuwa na miaka 22, na shangazi yake alikuwa amekufa kwa kisukari.

Kazi ilianza tarehe 17 Mei 1921. Waligawana. Banting alipasua, Best alipima. Kila siku Best alichukua damu na mkojo wa mbwa, akatafuta kwa dawa za maabara mna sukari kiasi gani. Kipimo kimoja kilitaka muda na uangalifu mwingi. Pasipo vipimo hivyo wasingalijua kama mbwa anapona au anakufa. Kidole kimoja hakivunji chawa: mkono wa mpasuaji usingefika popote bila jicho la mpimaji.

Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya. Joto la kiangazi lilikuwa kali, chumba kilikuwa kidogo, na mbwa wengi walikufa kwa vidonda vya upasuaji. Vijana hawa hawakuwa na mshahara. Banting aliwapenda mbwa wale na kuwatunza vizuri, akasikitika kila mmoja alipokufa, kwa maana alijua kwamba wao hawakuchagua kazi hiyo.

Mwisho wa mwezi wa Julai walichukua kongosho iliyonyauka, wakaisaga katika maji ya chumvi yaliyo baridi, wakayachuja, wakamdunga mbwa mwenye kisukari. Best akapima damu. Sukari ilikuwa imeshuka. Wakadunga tena, ikashuka tena. Baadaye mbwa mmoja, waliyempa jina la Marjorie, aliishi karibu siku 70 kwa dawa hiyo.

Ilionekana pia kwamba wazo la usiku ule halikuwa sahihi katika kila jambo. Mwezi wa Desemba walitambua kwamba hapana haja ya kufunga mirija na kungoja. Kongosho nzima ya ng'ombe kutoka machinjioni, ikitiwa katika alkoli, inatosha. Hata hivyo wazo lile lilikuwa limewatoa nyumbani na kuwatia njiani.

5. Leonard Thompson

Dawa yao ilikuwa bado na uchafu mwingi. Mwezi huo wa Desemba 1921 mtaalamu mwingine, James Collip, akaingia katika kazi ili aisafishe. Collip alijaribu dawa kwa sungura. Siku moja aliona jambo la kutisha: sungura aliyepewa dawa nyingi alitetemeka, akaanguka, akakazana miguu kama anayekufa. Sukari katika damu yake ilikuwa imeshuka mno. Walipomdunga maji ya sukari, akainuka.

Hapo walijifunza jambo ambalo kila mgonjwa wa kisukari lazima alijue mpaka leo. Insulini ni dawa, lakini ikizidi ni hatari. Sukari nyingi huharibu mwili polepole, na kwa mtoto asiye na insulini huua. Sukari kidogo mno humtoa mtu jasho, humtetemesha, humchanganya akili, na yaweza kumwua kwa muda mfupi. Njia salama ni nyembamba, nayo iko katikati.

Katika hospitali kuu ya Toronto alilala kijana mmoja wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson. Alikuwa na uzito wa kilo 29 hivi tu. Nywele zake zilikuwa zikitoka, pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyochacha, naye alikuwa karibu kuzimia. Baba yake akakubali dawa mpya ijaribiwe.

Tarehe 11 Januari 1922 Leonard akadungwa dawa iliyotengenezwa na Banting na Best. Sukari ilishuka kidogo tu, na mahali pa sindano pakafanya jipu. Dawa ikaachwa. Kwa Banting hayo yalikuwa maumivu makubwa.

Collip aliendelea usiku na mchana mpaka akapata njia ya kuisafisha dawa. Tarehe 23 Januari wakamdunga Leonard tena. Wakapima damu yake. Kipimo cha sukari, kilichokuwa 520, kilishuka mpaka 120 kwa muda wa siku moja. Siku zilizofuata kijana alianza kupata nguvu, akaketi, macho yake yakang'aa. Aliishi miaka 13 zaidi.

6. Furaha na ugomvi

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo wote walishikana mikono kwa furaha. Sivyo. Banting na Collip walikosana vikali juu ya siri ya kusafisha dawa. Banting alimshuku pia Profesa Macleod, akidhani kwamba anataka kumnyang'anya sifa. Banting alikuwa mtu shujaa na mwenye huruma kwa wagonjwa, lakini alikuwa mwepesi wa kukasirika na mzito wa kusamehe. Uchungu ule ulimtafuna kwa miaka mingi.

Tena shida nyingine ikaja. Mwanzoni mwa mwaka 1922 njia ya kutengeneza dawa kwa wingi ikakataa. Dawa iliyotoka ilikuwa haina nguvu, na kwa majuma mengi wagonjwa walingoja bure. Ilipasa kuanza upya, kubadili vyombo, kupima tena na tena. Mwaka ule kiwanda cha Eli Lilly nchini Marekani kikaingia katika kazi hiyo, na baadaye kongosho za ng'ombe na nguruwe zikaanza kuletwa kwa magari kutoka machinjioni.

Joe Gilchrist, mganga aliyesoma pamoja na Banting na ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari, alikuwa kati ya watu wa kwanza kudungwa. Alikubali dawa mpya zijaribiwe katika mwili wake kabla ya kupewa wengine, kisha akawatibu askari wa zamani waliokuwa na ugonjwa kama wake. Mwezi wa Agosti 1922 akaletwa Elizabeth Hughes, binti wa waziri mkubwa wa Marekani. Alikuwa karibu kutimiza miaka 15, na uzito wake ulikuwa kilo kama 20 tu. Banting alimtibu, akaanza kula mkate tena, akanenepa, akarudi shuleni. Alikua, akaolewa, akazaa watoto, akafa mwaka 1981 akiwa mzee.

Banting, Best na Collip wangeweza kuwa matajiri sana. Haki ya kutengeneza insulini ilikuwa mikononi mwao. Wakaiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu kwa kila mmoja, ili mtu yeyote asiifungie dawa na kuwauzia wagonjwa kwa bei apendayo. Banting, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amepata dola 4 kwa mwezi mzima, aliona kwamba mganga hapaswi kujitajirisha kwa dawa ya kuokoa watu.

Mwezi wa Oktoba 1923 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya uganga wamepewa Banting na Macleod. Banting hakuwa ametimiza miaka 32. Alipoona kwamba Best ameachwa, alikasirika hata akataka kuikataa tuzo. Rafiki zake wakamtuliza. Akaipokea, akampa Best nusu ya fedha yake. Macleod naye akagawana yake na Collip. Basi ijapokuwa walikuwa wamegombana, fedha iligawanywa kwa watu wanne, na kila mmoja alikuwa ameifanyia kazi.

7. Kifo chake

Banting aliendelea kufundisha na kutafuta dawa za magonjwa mengine. Mwaka 1934 mfalme wa Uingereza akampa cheo cha heshima. Alipopumzika alichora picha za theluji, miti na vijiji vya Kanada. Mwaka 1927 alisafiri pamoja na mchoraji rafiki yake, A. Y. Jackson, mpaka nchi za kaskazini kabisa, ambako baharini hujaa barafu.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, alifanya kazi kwa ajili ya marubani, akitafuta jinsi ya kuwalinda wanaporuka juu sana. Mwezi wa Februari 1941 alipanda ndege ya jeshi kwenda Uingereza. Injini zikaharibika, na ndege ikaanguka katika msitu wenye theluji kisiwani Newfoundland. Rubani akapona. Banting akafa tarehe 21 Februari 1941, akiwa na miaka 49.

8. Mashine inayopima na kutoa

Banting aliwapa wagonjwa insulini, lakini hakuweza kuwapa kongosho mpya. Kongosho hufanya mambo mawili pamoja: hupima na kutoa. Sindano hutoa tu, haipimi. Kwa hiyo mgonjwa na wauguzi wake wamelazimika kuwa mpishi anayekaa mbele ya jiko: kupima damu, kuhesabu chakula, kukisia dawa, na kupima tena. Wakikosea kidogo, moto unazidi au unazima.

Kwa hiyo baada ya kifo cha Banting mafundi walijiuliza kama mashine ya umeme yaweza kuifanya kazi ya kongosho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mganga Arnold Kadish wa Marekani alitengeneza mashine ya kwanza. Ilipima sukari katika damu yenyewe, na kulingana na kipimo hicho ikamtilia mgonjwa dawa ya kushusha au ya kupandisha sukari. Lakini ilikuwa mzigo mkubwa wa kubeba mgongoni, na haikuweza kutumika kila siku.

Mwaka 1977 ikajulikana mashine nyingine iitwayo Biostator. Hiyo ilisimama karibu na kitanda cha hospitali. Ilivuta damu kidogo kidogo kutoka mshipani, ikaipima, kompyuta yake ikafanya hesabu, na pampu zikasukuma insulini au maji ya sukari kwa kadiri iliyotakiwa. Ilikuwa kubwa, ya gharama, nayo ilihitaji watu waliofundishwa kuilinda saa zote. Walakini ilionyesha kwamba jambo lile linawezekana.

Wagonjwa mahututi hospitalini huhitaji sana uangalizi huo, kwa sababu mtu akiumwa vikali sukari yake yaweza kupanda hata kama hakuwa na kisukari. Mwaka 2001 waganga wa mji wa Leuven, nchini Ubelgiji, walieleza kwamba wagonjwa wa upasuaji mkubwa walikufa wachache zaidi sukari yao ilipobanwa iwe karibu na ile ya mtu mzima wa afya. Hospitali nyingi zikafuata. Lakini mwaka 2009 uchunguzi mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 6,000 katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba kuibana mno kunaleta vifo zaidi, na kwamba wagonjwa wengi zaidi sukari yao ilishuka kupita kiasi. Somo lilikuwa lile lile la sungura wa Collip: njia salama iko katikati, na anayeitafuta lazima apime mara nyingi.

Siku hizi mashine hizo zimekuwa ndogo. Waya mwembamba kama unywele hukaa chini ya ngozi na kupima sukari kila dakika chache. Kipimo huenda kwenye kompyuta ndogo, na kompyuta huiambia pampu iongeze insulini au isimame. Mwaka 2016 serikali ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza ya namna hiyo kwa matumizi ya nyumbani. Hata hiyo haikumwondolea mtu kazi yote. Ilimpasa bado kuieleza chakula alichokula, na kuiangalia isikosee.

Mashine kama hizo ni za gharama kubwa, zinataka umeme na vipuri. Kwa watu wengi wa dunia, pamoja na watu wa Ituri, kipimo ni kile cha mkono: muuguzi huchoma kidole, huweka tone la damu kwenye kikaratasi cha kipimo, na namba hutokea katika kifaa kidogo. Insulini yenyewe haipendi joto. Pasipo friji, watu huiweka ndani ya chungu cha udongo chenye ubaridi wa maji. Na yapo mahali pengi duniani ambapo dola 1 ya Banting imesahauliwa, na wagonjwa hawaipati dawa kila siku wanayoihitaji.

Tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, imekuwa siku ya kisukari duniani kote tangu mwaka 1991. Siku hiyo watu hukumbushwa dalili za ugonjwa: kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu, kuchoka. Mtoto mwenye dalili hizo hapaswi kungoja wala kufichwa. Apelekwe hospitali siku ile ile, damu yake ipimwe. Leonard Thompson alikuwa karibu kufa, lakini alipimwa, akapewa dawa, akapimwa tena, akaishi.

Maswali

1. Kongosho hufanya kazi gani mbili juu ya sukari ya mwili?
2. Kabla ya mwaka 1922 waganga waliwatibuje watoto wenye kisukari?
3. Banting alifanya nini alipoanguka mtihani wa mwaka wa kwanza?
4. Katika kazi ya Toronto, nani alipasua na nani alipima? Kwa nini wote wawili walihitajiwa?
5. Sungura wa Collip walionyesha hatari gani?
6. Kwa nini sindano ya kwanza ya Leonard Thompson haikufaa, na ya pili ilifaa?
7. Banting na wenzake waliuza haki ya insulini kwa bei gani, na kwa sababu gani?
8. Mashine ya Biostator ilifanyaje kazi karibu na kitanda cha mgonjwa?
9. Taja dalili nne za kisukari. Ukiziona kwa mdogo wako, utafanya nini?
10. Eleza kwa maneno yako mwenyewe mithali hii: Kidole kimoja hakivunji chawa.